Saratani ya Tezi Dume Ikigundulika Mapema: Nani Atibiwe Sasa, Nani Asubiri

Mwezi Novemba 2014, Rais wa Awamu ya Nne, Mheshimiwa Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, akiwa bado madarakani na mwenye umri wa miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Aliporejea nchini mwishoni mwa mwezi huo hakuuficha ugonjwa wake. Aliwaeleza Watanzania kwamba ilikuwa saratani na kwamba iligunduliwa mapema, akawahimiza wanaume wakapime. Zaidi ya miaka 10 baadaye ameendelea na shughuli za umma.

Habari ile iliwasaidia wengi kulitamka neno ambalo awali lilinong'onwa. Hata hivyo iliacha pia dhana moja ambayo makala haya yanakusudia kuirekebisha, kwamba kila saratani ya tezi dume ikigunduliwa lazima iondolewe mara moja kwa kisu. Ndiyo maana mzee anaporudi kutoka hospitali na kuwaambia wanawe kuwa ana saratani, lakini daktari amemtaka arudi baada ya miezi kadhaa kupima damu tu, ukoo mzima hushtuka. Je, ametelekezwa? Je, ni kwa kuwa hana fedha? Wapo wanaoanza siku hiyohiyo kutafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Huenda hakutelekezwa hata kidogo. Ili kulielewa jambo hilo, tuanze na tezi yenyewe.

Tezi dume ni kiungo kidogo, kwa kijana hakizidi ndimu ndogo, kilichopo chini ya kibofu cha mkojo. Mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Haihusiani na busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, ingawa mitaani magonjwa haya mawili huchanganywa.

Umri unapopanda, tezi hii kwa wanaume wengi hukua na kuubana mrija. Mkojo hutoka kwa shida, hukatika njiani, na mzee huamka mara nne au tano usiku. Huko ni kukua kwa tezi, si saratani, na hakugeuki kuwa saratani. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, na kwa sababu hiyo inapokuwa changa mara nyingi haina dalili yoyote. Anayesubiri maumivu ndipo aende kupima anaweza kuisubiri hadi imefika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.

Maisha ya Mzee Nelson Mandela yanaonesha vizuri tofauti hiyo. Mwaka 1985, akiwa mfungwa, alifanyiwa upasuaji kwa sababu tezi yake ilikuwa imekua. Mwaka 2001, akiwa na miaka 83, aligundulika kuwa na saratani ya tezi hiyohiyo, akatibiwa kwa mionzi. Alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95. Upasuaji wa kupunguza tezi iliyokua huondoa nyama ya ndani inayobana mrija na kuliacha ganda la nje. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji huo asijihesabu kuwa hana tena tezi ya kupimwa.

Kwa mkoa wetu lipo jambo jingine la kuangaliwa. Kanda ya Ziwa ina kichocho kingi, na damu kwenye mkojo tumeizoea tangu utotoni. Mtu mzima wa miaka 60 anapoona damu, hukimbilia kusema ni kichocho cha zamani kimerudi, akameza vidonge, akaendelea na palizi. Damu katika umri huo ichunguzwe hospitalini kila mara, kwa kuwa inaweza kutoka kwenye kibofu, figo au tezi.

Vipimo vinavyosema, na visivyosema

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Hupima kiasi cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiwango cha zaidi ya 4 kwa kawaida humfanya daktari aendelee kuchunguza, lakini PSA iliyopanda si hukumu. Hupanda pia tezi inapokua, kunapokuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, au mgonjwa akiwa amewekewa mpira wa mkojo siku chache kabla. Kwa upande mwingine, wapo wenye saratani ambao PSA yao iko chini.

Cha pili ni kipimo cha kidole, ambapo daktari huigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa ili kutambua kama ina uvimbe mgumu. Mizaha juu ya kipimo hiki ni mingi kwenye vijiwe vya kahawa, na imewazuia wanaume wengi kwenda kituoni. Hudumu kwa muda usiofika dakika moja. Wake zetu wamevumilia vipimo vya kliniki vilivyo vizito zaidi ya hicho kwa kila mtoto waliyemzaa.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo viwili kinachothibitisha saratani. Kinachothibitisha ni kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa sindano na kuvipeleka maabara, ambako mtaalamu huvitazama kwa hadubini. Yeye hasemi tu kwamba saratani ipo au haipo. Huipa pia alama iitwayo Gleason, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeubuni utaratibu huo katika miaka ya 1960. Siku hizi alama ya 6 ndiyo ya chini, ikimaanisha chembe za saratani bado zinafanana kwa kiasi kikubwa na chembe za kawaida na hukua polepole. Alama ya 7 iko katikati. Kuanzia 8 hadi 10 ni saratani kali, inayokimbia.

Alama hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote. Mtu akikuambia fulani ana saratani ya tezi dume bila kutaja alama ya Gleason, kiwango cha PSA na kama ugonjwa umetoka nje ya tezi, bado hajakueleza cha kutosha kuamua lolote, achilia mbali kuuza mifugo.

Kwa nini daktari aache saratani mwilini

Saratani ya tezi dume hutofautiana na nyingi nyingine kwa mwendo wake. Miili ya wazee waliofariki kwa ajali au magonjwa mengine imewahi kuchunguzwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na idadi kubwa wamekutwa na saratani ndogo kwenye tezi ambayo haikuwahi kuwasumbua wala wao hawakujua kuwa wanayo. Kuwafanyia watu kama hao upasuaji kungewaachia madhara bila kuwaongezea hata siku moja.

Na madhara yapo. Tezi imezungukwa na misuli inayozuia mkojo na mishipa ya fahamu inayowezesha tendo la ndoa. Upasuaji wa kuiondoa yote unaweza kumwacha mtu akivujwa na mkojo au akipungukiwa nguvu za kiume. Mionzi nayo inaweza kudhuru nguvu hizo na kuleta matatizo ya utumbo mpana, kama vile kuharisha na kutokwa damu.

Utafiti mkubwa kuhusu jambo hili ulifanyika Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2009, wanaume zaidi ya 82,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 walipimwa PSA. Waliokutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, 1,643 kati yao walikubali kugawanywa kwa kura katika makundi matatu: wengine wafanyiwe upasuaji, wengine mionzi, na wengine wafuatiliwe tu kwa vipimo, watibiwe iwapo ugonjwa utaonesha kusogea. Matokeo baada ya miaka 15 yalichapishwa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 kati ya kila 100 katika kundi la kufuatiliwa, 2 katika kundi la upasuaji na 3 katika kundi la mionzi. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Wengi waliofariki katika miaka hiyo walifariki kwa sababu nyingine kabisa.

Madhara hayakulingana hivyo. Miezi sita baada ya matibabu, 46 kati ya kila 100 waliopangiwa upasuaji walikuwa wanavaa pedi kwa ajili ya mkojo, ilhali katika kundi la kufuatiliwa walikuwa 4. Baada ya miaka sita, kundi la upasuaji lilikuwa limeshuka hadi 17, na la kufuatiliwa limepanda hadi 8.

Tusisome nusu ya matokeo, lakini. Katika kundi la kufuatiliwa, saratani ilisambaa mwilini kwa takriban 9 kati ya kila 100, na kwa waliopangiwa upasuaji au mionzi ilikuwa kama 5. Tena, hadi kufikia miaka 15, zaidi ya nusu ya waliopangiwa kufuatiliwa walikuwa wamekwisha kupata upasuaji au mionzi, kwa sababu vipimo vilibadilika au kwa kuwa wao wenyewe walichoka kusubiri. Ufuatiliaji uliwapa miaka kadhaa bila madhara ya tiba, na mlango wa tiba ukabaki wazi.

Upo utafiti wa pili, wa zamani kidogo, ambao kwa maoni ya mwandishi huyu unatuhusu zaidi sisi watu wa Bariadi. Ulianza mwaka 1989 katika nchi za Sweden, Finland na Iceland, ukahusisha wanaume 695. Wengi wao hawakugunduliwa kwa kupimwa PSA wakiwa wazima bali walikwenda hospitali wakiwa na dalili, kama ilivyo kwa wagonjwa wetu wengi. Nusu walifanyiwa upasuaji; nusu waliachwa wasubiri, bila mpango wa kuwaponya baadaye. Taarifa iliyotolewa mwaka 2018 ilionesha kuwa saratani ilikuwa imewaua 71 kati ya 347 wa upasuaji, na 110 kati ya 348 waliosubiri. Kwa wastani, upasuaji uliongeza karibu miaka mitatu ya kuishi katika kipindi cha miaka 23.

Kwa maneno mengine, saratani iliyonaswa mapema sana kwa kipimo cha damu inaweza kusubiri kwa usalama mkubwa, na iliyojitokeza yenyewe ina haraka zaidi. Ieleweke pia kwamba washiriki wa tafiti hizi walikuwa karibu wote Wazungu. Wanaume wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huu, na mara nyingi huupata mapema kiumri. Nchini kwetu saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume. Kwa hiyo daktari wetu akiwa mwangalifu zaidi kuliko mwenzake wa London kabla ya kumwambia mtu asubiri, ana sababu.

Kusubiri kwa aina mbili

Katika Kiswahili cha kawaida tunasema "kusubiri" tu, lakini madaktari hutenganisha mambo mawili. La kwanza ni ufuatiliaji wa karibu. Huu ni wa mtu ambaye bado ana miaka mingi mbele yake, ana saratani ya alama ya chini, na lengo ni kumponya pale itakapobidi. Hupimwa PSA kila baada ya miezi 3 hadi 6, huguswa tezi mara moja kwa mwaka, na baada ya muda huchukuliwa tena vinyama kuona kama alama imepanda. La pili ni kusubiri kwa uangalizi. Huku ni kwa mzee sana au mwenye maradhi mengine mazito, ambaye saratani yake polepole haitazamiwi kumtangulia. Hapimwi mara kwa mara. Dalili zikija, hupewa dawa za kuzituliza, mara nyingi tiba ya homoni.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Baba wa miaka 81, anaishi Nkololo, ana kisukari na moyo uliochoka. Mwanawe ana miaka 56, analima pamba Dutwa na ana afya njema. Wote wawili wanakutwa na saratani ya alama 6, PSA ya 7, isiyotoka nje ya tezi. Majibu yao kwenye karatasi yanafanana neno kwa neno. Baba anaweza kushauriwa asubiri kwa uangalizi, na kumpeleka kwenye kisu kungekuwa ukatili. Mwana atashauriwa ufuatiliaji wa karibu, au tiba sasa, kwa kuwa baba mwenye ugonjwa huu humwongezea mwana hatari. Kaka yake mdogo naye atatakiwa kupima. Sasa tubadili jambo moja tu: alama ya mwana iwe 8. Hapo neno kusubiri linafutwa. Anahitaji upasuaji au mionzi, na kuahirisha hadi pamba iuzwe ni kucheza na uhai.

Wakati wa kuamua, mgonjwa ana haki ya kusema anachokithamini. Yupo ambaye hawezi kulala akijua kuna saratani ndani yake, hata iwe ndogo kiasi gani, naye afadhali aiondoe na kubeba madhara. Yupo ambaye nguvu zake za ndoa na ukavu wa nguo zake ni heshima yake mbele ya watu, naye atapima mpaka mwisho kabla ya kukubali kisu. Hakuna kati yao aliyekosea. Lililo baya ni uamuzi huo kufanywa na shemeji mwenye sauti kubwa kwenye kikao cha ukoo ilhali mwenye mwili amekaa kimya. Mke, au wake, washirikishwe tangu mwanzo, kwani matokeo yake wataishi nayo wote.

Ufuatiliaji una gharama yake pia, nayo tuiseme wazi. Unataka mtu arudi, mwaka baada ya mwaka, wakati hajisikii kuumwa. Nauli ya kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu si ndogo kwa mkulima, achilia mbali malazi ya anayemsindikiza. Wapo ndugu zetu wafugaji wanaohama na mifugo hadi Katavi au Morogoro na kukaa huko misimu miwili. Mtu wa namna hiyo amweleze daktari ukweli kabla ya kukubali kufuatiliwa. Kwa asiyeweza kurudi, kutibiwa mara moja kunaweza kuwa salama zaidi, hata kama saratani yake ni ile ambayo kwa mwingine ingesubiri. Kusubiri bila vipimo ni kuuachia ugonjwa uwanja.

Katika minada na ndani ya mabasi huuzwa chupa za dawa "za tezi dume" zinazodaiwa kumaliza uvimbe na saratani kwa pamoja. Hakuna dawa ya chupa iliyothibitishwa kuponya saratani hii. Hatari yake kubwa ni kwamba mgonjwa aliye kwenye ufuatiliaji anaweza kujisikia vizuri, kama ambavyo angejisikia hata bila dawa hiyo, akaacha kurudi kupimwa.

Utaratibu wa huduma

Mwanaume mwenye miaka 50 au zaidi, na mwenye miaka 45 ikiwa baba au ndugu wa damu amewahi kuugua, aanzie zahanati au kituo cha afya cha kata yake kupata ushauri na rufaa. Uchunguzi huendelea katika hospitali, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu hapa Bariadi. Wanaohitaji daktari bingwa wa mfumo wa mkojo au tiba ya mionzi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambako huduma za saratani zinapatikana. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huwahudumia wagonjwa kutoka nchi nzima.

Unapokwenda, chukua barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na majibu yote ya awali. Omba nakala ya majibu ya kila kipimo cha PSA na ya vinyama, uyatunze pamoja katika bahasha moja mahali pakavu, mke au mtoto mkubwa apajue. Daktari wa ufuatiliaji hutazama jinsi namba zinavyopanda kutoka tarehe moja hadi nyingine, na bila namba za nyuma analazimika kuanza upya. Mwulize maswali haya manne: alama yangu ya Gleason ni ngapi, saratani imetoka nje ya tezi au bado, nikisubiri, mtanipima lini na wapi, na ni jambo gani likibadilika ndilo litakalotufanya tuache kusubiri.

Asiyekuwa na uwezo wa kulipia huduma aanze kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wake kupata barua ya utambulisho, kisha aonane na ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali anayotibiwa kuhusu utaratibu wa msamaha. Barua hiyo itafutwe kabla ya siku ya safari, kwa kuwa kurudi kuifuata kutoka Mwanza ni nauli mara mbili.